Kimo Kwanza, Kanuni Baadaye: Kwa Mwalimu Mpya wa Hisabati Moshi

Mwalimu uliyepangiwa hisabati darasa la sita au la saba huku Moshi, karibu. Nina neno kuhusu eneo la maumbo ya pembe nne, maana mada hii inadanganya. Watoto wanakuja wakijua urefu mara upana, wanapata vizuri kwenye mstatili na mraba, nawe unaona mambo yamenyooka. Ukifika kwenye msambamba, umbo la pembe nne ambalo pande zinazotazamana ni sambamba, karibu darasa zima linazidisha pande mbili na kukuletea daftari kwa furaha.

Tatizo ni kimo. Mtoto akipewa msambamba wenye kitako cha sentimita 12 na upande wa mshazari wa sentimita 8, ataandika 96, hata kama kimo cha sentimita 6 kimechorwa ndani kwa nukta nukta na jibu ni 72. Kwake namba iliyo pembeni mwa umbo ndiyo namba, ile ya ndani ni pambo. Usimkemee, wala usikimbilie kuandika kanuni ubaoni. Ataikariri leo, keshokutwa ataichanganya na ya pembetatu.

Tengeneza fremu. Omba boksi gumu dukani, kata vipande vinne vyembamba na uviunganishe kwenye kona kwa pini ili viweze kuzunguka: viwili viwe sentimita 20 kutoka pini hadi pini, viwili sentimita 10. Ilaze fremu juu ya karatasi ya grafu ikiwa mstatili. Eneo ni sentimita za mraba 200, mzingo 60. Sasa mwite mtoto mmoja aisukume kona ya juu taratibu, wenzake wasome kimo kwenye vijumba vya grafu. Kimo kikishuka hadi 8, eneo ni 160. Kikifika 5, ni 100. Fremu ikilala kabisa hakuna eneo, na mzingo bado ni 60! Waulize: pande zote zipo, eneo limekwenda wapi? Waache wabishane. Mimi huwaachia muda mrefu kuliko andalio la somo linavyotaka, na sioni haja ya kubadilika.

Wakishabishana, wape mkasi. Kila mmoja akate msambamba wa karatasi, achore kimo kutoka kona ya juu hadi kwenye kitako, akate ile pembetatu ya pembeni na kuihamishia upande wa pili. Anapata mstatili wenye kitako kilekile na kimo kilekile. Ukiandika kanuni baada ya hapo, unaandika kitu wanachokijua tayari.

Trapeza nayo ifundishe kwa mkasi. Trapeza mbili zinazofanana, moja ikipinduliwa, zinaungana kuwa msambamba mmoja. Ndiyo maana tunajumlisha pande mbili sambamba, tunazidisha kwa kimo, kisha tunagawa kwa 2. Mfano mzuri hauko mbali: mfongo, yaani mfereji wa maji. Ukiukata kwa mawazo, mara nyingi uso wake unakaribia trapeza, mpana juu na mwembamba chini. Juu sentimita 90, chini 50, kina 40: eneo ni sentimita za mraba 2,800. Watoto wa vijiji vya mlimani wanauelewa mara moja, wa mjini chorea ubaoni. Rombasi na tiara hazihitaji siku nzima. Njiti mbili za tiara, yaani mistari inayounganisha kona zinazotazamana, zinakatana kwa pembemraba, zidisha urefu wake, gawa kwa 2, basi.

Sasa watoe nje. Nyumbani wamesikia kwamba ekari ni 70 kwa 70. Waulize, 70 za nini? Wengi watasema mita, na hapo wamekosea kwa mita za mraba zaidi ya 850, kwa kuwa ekari ni kama 4,047 tu. Ni hatua. Hatua ndefu ya mtu mzima ikiwa karibu sentimita 91, hatua 70 ni kama mita 64, na 64 kwa 64 ni 4,096. Wazee hawakuwa mbali.

Kihamba chenyewe, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, ni nadra kuwa mstatili. Utakuta mtu anajumlisha pande zinazotazamana, anagawa kwa 2, kisha anazidisha wastani mmoja kwa mwingine. Njia hiyo ni kongwe. Maandishi ya hekalu la Edfu kule Misri yaliitumia kupimia mashamba, na mwaka 628 mwanahisabati Brahmagupta wa Uhindi alishaiita ya kukadiria tu. Inatoa eneo sahihi kwenye mstatili, kwingine kote inazidisha. Chukua shamba lenye pande za mita 30, 20, 26 na 24 kwa mfuatano. Wastani unakupa 28 mara 22, yaani 616. Vuta kamba kutoka kona ambapo upande wa 30 unakutana na ule wa 24 hadi kona inayoitazama. Tuseme kamba ni mita 40. Pima umbali kutoka kila kona iliyobaki hadi kwenye kamba, kwa pembemraba: karibu 14.5 na 15. Pembetatu mbili, 290 na 300, jumla 590. Mita za mraba 26 zilikuwa hewa, na mnunuzi angezilipia.

Kabla ya kupima kwa watu, piga hodi, toa shikamoo na ueleze shida yenu. Ukiwaona watoto na kamba bila maelezo, hata wewe ungedhani kuna mgogoro wa mpaka. Na shamba likiwa na kona iliyobonyea ndani, vuta kamba kuanzia kona hiyohiyo, maana ukiunganisha zile kona mbili zilizo pembeni yake kamba itapita kwa jirani.