Maswali yenu kuhusu biashara ya nyoka adimu

Nyoka aliyezalishwa kizimbani hakuibwa porini. Kuna ubaya gani kumuuza? (Msomaji, Tabata)

Hoja yako ina nguvu iwapo maelezo ya muuzaji ni ya kweli, na hapo ndipo penye tatizo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu chatu wa kijani wa Indonesia ulibaini kwamba angalau asilimia 80 ya waliosafirishwa nje kwa hati za kuzaliwa kizimbani walikuwa wamekamatwa porini. Kwa hiyo mihuri pekee hainitoshi. Mzalishaji wa kweli ataonyesha wazazi, kumbukumbu za mayai na tarehe ya kuanguliwa. Mtazame pia nyoka mwenyewe: kupe waliojibana chini ya magamba, makovu ya zamani na kukataa panya aliyekwisha kufa ni dalili zinazopaswa kukutia shaka.

Je, nyoka wa rangi zisizo za kawaida wana kasoro yoyote? (Msomaji, Kinondoni)

Wengi hawana, lakini wapo wanaoteseka. Chatu mdogo wa Afrika Magharibi, ambaye hujiviringisha kama mpira anapoogopa, huzalishwa kwa mabaka ya kila namna, na mojawapo, linaloitwa buibui, hurithiwa pamoja na hitilafu ya mishipa ya fahamu. Kichwa hutetemeka, huzunguka bila kukusudia, na pengine nyoka hurusha mdomo kwa panya akamkosa. Watetezi wa biashara hiyo husema kwamba anakula na anazaa vizuri tu. Sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu mzalishaji anayejua kwamba kilema kinafuatana na rangi, kisha akaendelea kupandisha kwa ajili ya bei, amelichagua teso hilo kwa makusudi.

Naweza kuuza hapa Dar es Salaam? (Msomaji, Kigamboni)

Usianze bila kibali. Wanyamapori wanasimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na chatu wa jamii zote wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Waone Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori kabla hujapokea hata shilingi.

Nikishalipwa, wajibu wangu si umekwisha? (Msomaji, Mbagala)

La. Chatu mdogo wa Afrika Magharibi niliyemtaja anaweza kuishi miaka 30, na mnunuzi anaweza kuhama, kuoa au kumchoka. Huko Florida, Marekani, chatu wakubwa wa Burma walioletwa kwa biashara ya wanyama wa kufugwa walitoroka au kuachiliwa, wakazaliana kinamasini, na sasa wanawamaliza wanyama wa asili. Mwaka 2012 serikali ikapiga marufuku kuwaingiza nchini. Kwa hiyo muuzaji amhoji mnunuzi kuhusu kizimba, joto na chakula, amnyime asiyekuwa tayari, na akubali kwa maandishi kumpokea tena nyoka atakayekosa pa kwenda, ili asije akaachiliwa katika msitu wa Pugu.