Ofisi sita kwa kituo kimoja cha maziwa: mapendekezo yaandikwe vipi?

Swali: Sisi ni kikundi cha wafugaji 34 hapa Pongwe, jijini Tanga. Tunakusanya lita 400 hivi kwa siku. Mengine tunayauza mabichi, mengine tunagandisha mtindi. Mwaka huu zimekuja ofisi sita, kila moja na fomu yake na malipo yake. Diwani ametuambia tuandike mapendekezo ya kupunguza utitiri huu. Tuandike nini, tupeleke wapi? Wapo pia wanachama wanaotaka tuombe laktomita, kile kipimo cha kugundua maziwa yaliyotiwa maji, iondolewe mlangoni, kwa kuwa maziwa yao yanarudishwa kila mara.

Jibu: Ndugu Katibu, malalamiko mengi ya wafugaji hufia mezani kwa sababu yamepelekwa kwa mtu asiye na mamlaka ya kuyaamua. Kwa hiyo anzeni kwa kujua kila tozo imetoka wapi. Usajili wa wadau wa maziwa umetokana na Sheria ya Tasnia ya Maziwa ya mwaka 2004, iliyounda Bodi ya Maziwa. Hiyo ni sheria ya Bunge, na kanuni zake husainiwa na waziri mwenye dhamana ya mifugo. Diwani hawezi kuigusa. Ushuru wa Jiji upo kwenye sheria ndogo, na hapo diwani wenu ana kura. Mambo mengine, kama siku ya ukaguzi au mpangilio wa fomu, mara nyingi ni mazoea tu ya ofisi. Hayo hubadilika kwa barua na kikao kimoja, na ndiyo ya kuanza nayo.

Chukueni daftari la mistari mipana. Kwa kila ofisi iliyofika andikeni tarehe, alichokagua mkaguzi, alichoagiza, kiasi kilicholipwa, namba ya risiti, na saa ambazo kituo kilisimama. Kisha pigeni mstari mwekundu palipokaguliwa kitu kilekile mara mbili. Nitaeleza mfano mmoja, wa sakafu. Mteremko wa sakafu kuelekea mferejini, vigae vya ukutani, wavu wa dirishani na chanzo cha maji hutazamwa na afisa afya wa Jiji, hutazamwa na TBS (Shirika la Viwango) inaposajili jengo la chakula, na Bodi ya Maziwa nayo huviangalia. Mkaguzi mmoja akisema mfereji ufunikwe na mwingine akasema uachwe wazi ili usafishike, fundi analipwa mara mbili. Mstari mwekundu kama huo una nguvu kuliko kurasa tatu za manung'uniko.

Si kila ofisi inarudia kazi ya mwenzake, na msiiandike hivyo, mtapoteza kuaminika. Wakala wa Vipimo anahakiki mizani na vipimo vya ujazo kila mwaka, na hilo linamlinda mfugaji wenu asipunjwe. OSHA inaangalia usalama wa wafanyakazi, Zimamoto vizimia moto. Hapo ombeni kitu kimoja tu: waje siku moja, si wiki sita tofauti.

Mna pa kuegemea. Hadi katikati ya mwaka 2019 mtengenezaji wa mtindi alikuwa na TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa) kwa usalama wa chakula na TBS kwa ubora. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ikahamishia kazi ya chakula TBS, mlango mmoja ukafungwa. Mpango wa serikali wa kuboresha mazingira ya biashara, ulioandaliwa mwaka 2018, unakiri wazi kwamba taasisi zinaingiliana na tozo ni nyingi. Utajeni kwenye aya ya kwanza ya barua. Kisha ombeni ukaguzi wa pamoja mara moja kwa mwaka, ripoti moja inayotumiwa na wote, ada inayolingana na lita zinazopokelewa, na vibali vinavyoisha tarehe moja.

Sasa laktomita. Hapa nawasihi msikubali iondolewe. Ikiondoka, mwenye maziwa safi atalipwa sawa na aliyetia maji, na mwezi haupiti kiwanda kinarudisha mzigo mzima wa kikundi. Tatizo lenu huenda ni usomaji. Laktomita nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20 za Sentigredi, na maziwa ya asubuhi hapa Tanga hufika yakiwa na joto la 28 au zaidi. Kwa kila nyuzi moja juu ya 20, ongezeni 0.2 kwenye namba mnayoisoma. Ikisoma 27 kwenye joto la 28, jibu halisi ni 28.6, yaani uzito wiani (uzito kwa ujazo) wa 1.0286, na maziwa hayo yanafaa, kwani kiwango cha chini ni 1.028. Asiye na kipimajoto anayarudisha kwa dhuluma. Ikisoma 25 kwenye joto hilohilo, jibu ni 26.6, na hapo pana sababu ya kushuku maji. Povu litulie kwanza, wala msipime maziwa yaliyotoka kukamuliwa, maana husoma chini.

Kipimo cha alkoholi ya asilimia 68 nacho kibaki: mililita 2 za maziwa kwa 2 za alkoholi, mkitikisa yakatoa vidonge, yataharibika yakichemshwa. Muulizeni pia mfugaji kama ng'ombe amechomwa sindano karibuni, kwa kuwa mabaki ya antibayotiki huua kimea cha mtindi, yaani bakteria wanaoyagandisha maziwa, na pipa zima haligandi.

Barua iandikwe nakala nne: Mkurugenzi wa Jiji, diwani, Bodi ya Maziwa, na Baraza la Biashara la Wilaya, ambako serikali na wafanyabiashara hukaa meza moja. Yanayohusu ada za kitaifa yatangulie miezi kadhaa kabla ya bajeti ya Juni. Ambatisheni kurasa za daftari lenu, na nakala yenu igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe.