Mimi napanga, yeye anakosoa

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, unaweza kuiachia akili mnemba ikupangie safari na kukukatia tiketi?", limenigusa penyewe. Jibu fupi ni hapana, siiachii. Ila mi ni mtumiaji mzuri tu wa hizo chatboti, yaani programu za akili mnemba unazochati nazo, karibu kila safari naitumia, tofauti ni kwamba naitumia kinyumenyume na watu wengi ninaowaona, na huko sikufika kwa akili zangu bali baada ya kuponea chupuchupu.

Ilikuwa safari ndefu ya kuunganisha ndege. Usiku nimelala chali, simu juu ya uso, nikaiandikia chatboti natoka wapi naenda wapi, pesa niliyonayo ni kiasi gani, sitaki kulala kiwanjani, haya nipe ratiba. Sekunde chache ikamwaga ratiba hiyo, jamani, imepangwa ikapangika, ina mpaka ushauri wa soksi za kuvaa kwenye ndege. Katikati nashuka London nakaa saa mbili na dakika arobaini, "muda wa kutosha kunyoosha miguu", halafu napanda nyingine naendelea. Na bei ilikuwa ya kuchekelea. Nikaiprinti kabisa.

Kesho yake nikampelekea dada yangu mkubwa, sio kwa ushauri, kwa kujitapa tu, maana yeye alikata tiketi za watu miaka na miaka kabla ya kuacha ile kazi. Akavaa miwani, akawa anashusha kidole mstari kwa mstari kama mwalimu anayesahihisha insha, kidole kikasimama. "We mdogo wangu, hizi herufi umezisoma?" Mstari wa juu LHR, mstari wa chini LGW. Yaani natua Heathrow, ndege ya kuendelea inaondokea Gatwick. Viwanja viwili tofauti kabisa, kwa basi ni kama saa nzima barabara ikiwa imetulia, na barabara ile haina sifa ya kutulia. "Unashuka, unapanga foleni ya uhamiaji, unasubiri begi, unatafuta basi, unafika unaanza kucheki in upya, yote hayo saa mbili na dakika arobaini? Una mabawa?"

Hajamaliza. Kumbe kutoka kiwanja kimoja kwenda kingine unakuwa umevuka mpaka, umeingia Uingereza, kwa hiyo kama pasi yako ni ya wanaohitaji viza basi unahitaji viza hata kama unapita tu. Halafu zilikuwa tiketi mbili za mashirika mawili yasiyojuana, ya kwanza ikichelewa ya pili inakuacha na hakuna anayekudai wala unayemdai. Nilikuwa sijalipa, namshukuru Mungu, lakini kadi ilikuwa tayari mezani.

Nikarudi kwa chatboti nimefura. Nikaiambia wewe, hivi viwanja ni viwili! Ikanijibu kwa upole, uko sahihi kabisa, samahani kwa mkanganyiko, kisha ikaanza kunieleza Heathrow na Gatwick, habari za viza, begi, tiketi mbili tofauti, yote aliyosema dada na mengine juu yake. Nikabaki naitazama. Kwa hiyo ulikuwa unayajua? Ulikuwa unayajua na hukusema?

Hapo ndo nilipoanza kuielewa hii kitu. Hizi chatboti zinatunga maneno yanayoelekea kufuatana, ukiomba ratiba inakupa kitu kinachofanana na ratiba, na ratiba za kwenye mtandao huwa zimechangamka, hazina mtu anayeachwa na ndege. Ila ukiomba kasoro inakwenda kuchota kwenye maneno yote ya watu waliowahi kuachwa, waliorudishwa kaunta, waliosahau viza, na hao ni wengi na wanaandika kwa uchungu. Elimu ileile ila mlango mwingine. Kwa hiyo siku hizi mi ndo napanga, nahangaika mwenyewe kwenye tovuti za mashirika na za kulinganisha bei, nikimaliza ndo namtupia yeye (nasema yeye, mnisamehe, nimeshazoea) na maneno yangu huwa yaleyale: wewe ni mtu wa kaunta mwenye roho mbaya, nitafutie sababu kumi za mimi kushindwa kusafiri.

Mara moja alinikamata vibaya sana. Nilikuwa na ndege ya tarehe 15 saa 00:05, na hoteli nimelipia mpaka asubuhi ya tarehe 15 hiyohiyo, nikajiona nimepanga vizuri, nalala, naamka, nazunguka mji mchana kutwa, usiku naenda kiwanjani. Akaniuliza swali moja tu, unaenda kiwanjani usiku wa tarehe ngapi? Nikasoma tena. Saa sita usiku na dakika tano ya tarehe 15 ni usiku wa kuamkia 15, yaani natakiwa niwe kiwanjani tarehe 14 jioni, na kwa mpango wangu ndege ingeondoka mimi nimejifunika shuka. Hilo kosa wanalifanya watu wenye digrii zao.

Na hapa niwaambie wenzangu tunaoiandikia kwa Kiswahili, saa zetu zinaichanganya. Niliwahi kuandika "nataka nitue kabla ya saa nne usiku", ikanitafutia ndege inayotua saa 03:20 alfajiri, na ikajisifu kuwa nimebakiza dakika arobaini. Imechukua nne ikaiona 04:00! Kwa hesabu yake nimefika mapema, kwa hesabu yangu nimefika watu wamelala fofofo na usafiri hakuna. Tangu hapo kwenye mambo ya ndege naandika 22:00, Kiswahili changu nakirudisha kwenye sentensi zingine. Tarehe nazo hivyohivyo, 03/04 kwa mwingine ni Aprili tatu na kwa Mmarekani ni Machi nne, andika jina la mwezi ulale salama.

Kazi nyingine anayoiweza mpaka unamuonea huruma ni kusoma masharti. Nani anasoma yale masharti? Unayakopi yote kama yalivyo, kurasa na kurasa, unambandikia, unamuuliza nikighairi narudishiwa nini, begi la mkononi kilo ngapi, nikikosa kipande cha kwanza cha safari vipande vingine vinafutwa au vinabaki (mara nyingi vinafutwa, watu hawajui, mtu anaacha kupanda ndege ya kwanza kwa makusudi akidhani atapandia katikati, anafika anakuta hayupo kwenye orodha). Ila namlazimisha aniandikie mstari wenyewe wa masharti alikolitoa jibu, nami naenda kuutafuta kwenye ukurasa. Asipouonyesha, hilo jibu nimelitupa.

Bei na nafasi za viti simuulizi. Si kwa dharau. Kompyuta kwenye mambo ya tiketi sio ngeni hata kidogo, mfumo wa Sabre ulianza miaka ya 1960 mwanzoni, American Airlines na IBM, na Amadeus ukaanzishwa 1987 na mashirika ya Ulaya, na viti vingi mpaka leo vinapitia kwenye mifumo ya namna hiyo. Kiti kiko huko au hakipo. Sasa chatboti ambayo haijaunganishwa huko ikikutajia bei, hiyo ni stori ya barazani tu. Kuna zilizounganishwa, tangu Machi 2023 Expedia na Kayak, tovuti za kutafutia safari, walitangaza kuingia ndani ya ChatGPT, chatboti ya OpenAI, sawa, lakini hata hapo bei inaweza kukugeuka kati ya kuiona na kuilipa.

Nyie mnaolipia kupitia popote pale, iwe binadamu iwe mashine, angalieni kitu kimoja alichonifundisha dada. Kuna ile kodi ya buking (code, si kodi ya serikali), herufi na namba sita, watu wakiipata wanapumua. Usipumue. Hiyo kodi maana yake umeandikwa, si lazima tiketi iwe imetoka. Tiketi yenyewe ina namba yake ya tarakimu 13, tatu za mwanzo ni za shirika, na hiyo ndo unaitafuta kwenye barua pepe. Kama haipo, ingia tovuti ya shirika lenyewe, weka ile kodi na jina la ukoo uone wanasemaje. Na jina liwe kama lilivyo kwenye pasi, herufi kwa herufi, maana hapa chatboti ina tabia ya kukusahihishia jina lako kwa kudhani umekosea.

Viza nayo, hapana. Niliuliza siku moja kuhusu pasi yangu na nchi za Schengen (zile za Ulaya zinazotumia viza moja), ikanijibu kwa kujiamini ni miezi sita tu iwe imebaki, basi. Kanuni yao iko tofauti, pasi ibakiwe na angalau miezi mitatu baada ya siku unayopanga kutoka, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Hicho kipande cha pili ndo kinaliza watu, kuna pasi zina muda bado ila zilitolewa zamani. Yule wa kaunta haangalii chatboti yako, mashirika mengi yanaangalia Timatic, kanzidata ya masharti ya pasi na viza ya IATA, chama cha mashirika ya ndege, na ikisema hupandi basi hupandi, hata uonyeshe skrinshoti ishirini. Mi nasoma tovuti ya ubalozi au ya uhamiaji wa nchi husika, kisha nabandika kwa chatboti nikitaka anifafanulie lugha yao ngumu.

Mtu atasema mashirika yenyewe yana chatboti zao, hizo si za kuaminika? Mwaka 2022 abiria mmoja Kanada alifiwa na bibi yake, akaiuliza chatboti ya Air Canada kuhusu nauli nafuu ya waliofiwa, ikamwambia nunua tu sasa, uombe kurudishiwa tofauti ndani ya siku 90. Akanunua, akaomba, akanyimwa, kwa sababu sera halisi ilikuwa haikubali kuomba baada ya kusafiri. Likaenda baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia, na utetezi wa shirika ukawa, sikilizeni hii, kwamba chatboti ni kama chombo kinachojitegemea kinachowajibika kwa matendo yake chenyewe. Februari 2024 baraza likalikataa hilo, shirika likaamriwa limlipe dola za Kanada zaidi ya 800 zote kwa pamoja. Alishinda, ndio. Ila piga hesabu, kutoka msiba mpaka hukumu, mtu anafuatilia haki yake zaidi ya mwaka. Mimi sina huo mwaka.

Kuhusu hizi mpya zinazobonyeza zenyewe, kama ile Operator ambayo OpenAI waliitoa Januari 2025, ilikuwa inafungua tovuti, inajaza fomu, ikifika kwenye malipo inakurudishia wewe umalize. Niliiangalia ikifanya kazi kwa mtu mwingine na nakiri ilivutia, kile kimshale kinatembea peke yake unahisi kuna jini kwenye skrini. Lakini kuna ile sehemu ya vijisanduku vidogo, bima unataka hutaki, kuchagua kiti kwa pesa, begi la ziada, na tovuti nyingi zimetengenezwa kwa makusudi ili binadamu mwenye haraka akosee hapo. Mashine isiyolipa kwa jasho lake sioni itakuwa na uchungu wa kutoa tiki kwenye kisanduku cha bima. Na picha ya pasi yangu siibandiki kwenye chatboti yoyote, hata iombe kwa magoti.

Nisiwe mchoyo wa haki lakini, binadamu tulikuwa tunapotea vizuri tu bila msaada wake. Mwaka 2017 kijana wa Kiholanzi alikata tiketi ya Sydney akitarajia Australia, akatua Sydney ya Nova Scotia, Kanada, kwenye baridi na koti jepesi. Bei ilikuwa nzuri, alisema. Mi naamini ningempa chatboti ile ratiba na kumwambia nitafutie kasoro, YQY, herufi za kiwanja cha hiyo Sydney ya Kanada, isingepita.

Mwezi ujao nasafiri tena. Ratiba nimeshaipanga na jana usiku nikamtupia, amerudi na kasoro nne. Mbili ni upuuzi, ya tatu ananiambia dakika hamsini za kuunganisha ni chache, nikaangalia kwenye tovuti ya shirika nikakuta ni tiketi moja na wenyewe ndo wanaiuza hivyo, sijui kama nimtii au niwatii. Ya nne anauliza kwa nini jina langu la kati liko kwenye pasi na kwenye tiketi halipo. Nimempigia dada, hajapokea.