Hiroglifi zimegeuka visanduku

SWALI: Assalaam alaykum. Nasomesha historia skuli ya sekondari hapa Wete. Nimetayarisha karatasi ya kidato cha pili kuhusu Misri ya kale, nikatia hiroglifi tatu, yaani alama za maandishi ya picha ya Wamisri wa kale: bundi, mdomo na mawimbi ya maji. Kwenye simu zimetoka vizuri. Nilipopeleka faili kuchapisha, mstari mzima umetoka visanduku vitupu. Kijana wa steshenari kanambia faili limeharibika, nizifute nibandike picha. Ndivyo?
Mwalimu, Wete

JIBU: Wa alaykum salaam, mwalimu wangu. Faili lako zima, usifute kitu. Kompyuta haiweki mchoro wa bundi, inaweka nambari yake. Bundi, asomwaye “m”, ni U+13153. Mdomo, “r”, ni U+1308B, na mawimbi, “n”, ni U+13216. Nambari hizo zilitoka mwaka 2009 katika toleo la 5.2 la Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi nambari yake, alama 1,071 kwa mpigo, kwa kufuata zaidi orodha ya Mwingereza Alan Gardiner, mtaalamu wa lugha ya Misri ya kale, aliyezipanga kwa mafungu. Ndege wako fungu la G, na bundi ni G17.

Kuchora ni kazi ya fonti, faili lenye maumbo ya herufi. Simu yako inayo, kompyuta ya steshenari haina, basi ikachora kisanduku. Pakua Noto Sans Egyptian Hieroglyphs, ni ya bure, uipeleke kwa flashi, kijana aiingize kisha afungue faili upya. Au ligeuze faili liwe PDF, ambayo hubeba maumbo yake ndani, hapo hapo kwenye simu, ulitazame kabla ya kutoka nyumbani.

Picha sikushauri. Karatasini itapendeza, lakini mwanafunzi hawezi kuinakili wala kuitafuta, na mimi nataka watoto wa Pemba washike maandishi yenyewe. Ndiyo maana nafurahi kila nikiona utenzi wa kale unapigwa chapa kwa herufi zetu za Kiarabu, پ na چ zikiwa na nambari zake, badala ya kupigwa picha tu.

Kuna jambo moja litakalokusumbua. Wamisri hawakuzipanga alama mstari mmoja tu. Mdomo waliweza kuuweka juu ya mawimbi, zikakaa pamoja kwenye mraba mmoja. Nambari za 2009 hazikuwa na njia ya kusema “hii juu ya ile”. Alama za kupangia ziliongezwa 2019, toleo la 12, na si kila fonti inazitii, kwa hiyo zako zikitoka zimefuatana, ziache. Zile 3,995 zilizoongezwa 2024 usizitie bado, simu nyingi hazina fonti yake.

Darasani waambie watu na wanyama hutazama mwanzo wa mstari. Kwenye mawe mara nyingi wanatazama kulia, basi husomwa kutoka kulia, na watoto wa chuoni, waliozoea kusoma Kurani, watalishika hilo upesi. Kwenye karatasi yako wanatazama kushoto. Bundi anamkabili msomaji usoni, kwa hiyo waangalie mwili wake umeelekea wapi.