Sarafu Haihitaji Kusahihishwa: Kwa Walimu Wapya wa Uwezekano

Kila mwaka walimu wapya huingia darasani na sarafu zao, na kila mwaka kosa ni lile lile. Ubaoni tayari kumeandikwa ½, yaani uwezekano wa sarafu kuangukia upande wa picha. Watoto wanaambiwa warushe mara 10 ili "kuthibitisha". Mmoja anapata picha 7 na namba 3, ananyoosha mkono kwa wasiwasi, na mwalimu anamjibu: "Hukurusha vizuri, rudia." Jamani, hapo ndipo somo linapokufa.

1. Usiliokoe jaribio.

Tupige hesabu kwanza. Mirusho 10 inaweza kufuatana kwa namna 1,024, na zenye picha 5 kamili ni 252 tu, chini kidogo ya robo. Katika darasa la watoto 40, watakaopata tano kwa tano ni kama 10. Wale 30 waliobaki hawajakosea kitu, na miongoni mwao wanne hivi watapata upande mmoja mara 8 au zaidi. Kwa hiyo mtoto wa picha 7 amefanya kazi yake sawasawa. Mkimrudisha akarusha tena, akapata 5, mkampongeza, ameshajifunza kwamba matokeo huandikwa ili mwalimu aridhike. Kuanzia siku hiyo atapika data, na atapika kwa moyo mweupe kabisa, kwa kuwa ninyi ndio mliomwelekeza.

Kosa hili lina sura nyingine mbili ambazo wengi hawazioni. Kuna mirusho ya mwanzo inayoitwa "ya kujaribia" pale tu inapokuja vibaya. Ikija vizuri, inahesabiwa. Na kuna kundi linaloacha kurusha hesabu zinapolingana: wamefika 12, picha 6 na namba 6, wanapiga makofi na kuweka kalamu chini. Yote haya ni kuchagua matokeo. Dawa yake ni kuandika ubaoni idadi ya mirusho kabla sarafu ya kwanza haijaruka, na kuweka kanuni mapema: sarafu irushiwe ndani ya kifuniko cha boksi, na ikitoka nje haihesabiwi, iwe imeonyesha picha au namba. Kanuni inayotungwa baada ya kuona matokeo ni upishi ule ule.

Kisha jumlisheni. Watoto 40 kwa mirusho 10 ni mirusho 400, na mara nyingi sana picha zitakuwa kati ya 180 na 220. Chora grafu ubaoni mtoto mmoja mmoja akisoma matokeo yake: baada ya kila mtoto, gawanya picha zote zilizokwisha kupatikana kwa mirusho yote iliyokwisha kufanyika. Mstari utarukaruka mwanzoni, halafu utaanza kutulia karibu na 0.5. Mtoto wa picha 7 ataona mchango wake umo ndani, haujafutwa, na bado darasa zima limefika jirani na nusu. Hapo ndipo ½ inapostahili kuandikwa.

Angalieni jambo moja ambalo hata walimu wazoefu hulikoroga: kinachotulia ni uwiano, si tofauti ya idadi. John Kerrich, mwanahisabati aliyezuiliwa Denmark wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alirusha sarafu mara 10,000 akapata vichwa (picha, kwa lugha yetu) 5,067. Amepita nusu kwa 67, pengo ambalo mirusho 10 haiwezi kulifikia, lakini uwiano wake ni 0.5067. Sarafu hailipi deni la nyuma. Mirusho mingi inalimeza tu.

2. Waandike kwa mpangilio, wasiandike jumla peke yake.

P N N P P P N, hivyo hivyo, mrusho kwa mrusho. Vistari vya kuhesabia vinatosha kwa jumla, lakini vinapoteza mfuatano, na mfuatano ndio unaojibu ile imani kwamba baada ya picha tatu "sasa ni zamu ya namba". Kwenye karatasi zile 40 tafuteni kila mahali ambapo upande mmoja umetokea mara tatu mfululizo, muangalie mrusho uliofuata. Mtapata sehemu 70 hivi, na kujirudia na kugeuka vitakaribiana.

Zoezi jingine la mpangilio: nusu ya darasa irushe kweli mara 20, nusu nyingine itunge kichwani. Changanyeni karatasi bila majina. Mirusho 20 ya kweli huwa na upande mmoja uliojirudia mara 4 au zaidi mfululizo katika takriban asilimia 77 ya visa, na mara 5 au zaidi katika karibu nusu. Anayetunga huogopa kurudia, hubadilisha kila baada ya mbili tatu. Watoto wakiona mwalimu anatenganisha karatasi kwa kutazama tu, hamna haja ya kuwahubiria kuhusu kupika data.

3. Sarafu mbili ziwe tofauti kwa macho.

Uliza kwanza: picha mbili, namba mbili, au moja moja, lipi litatokea zaidi? Wengi watasema yote ni sawa, theluthi kwa theluthi. Msiwacheke. D'Alembert, mwanahisabati mkubwa wa Ufaransa, mwaka 1754 alichapisha hesabu yenye kosa la jamii hiyo, akihesabu matukio matatu badala ya manne. Bandika kipande cha karatasi ya rangi kwenye sarafu moja, kila upande, na "picha-namba" itajitenga na "namba-picha" bila maneno mengi. Kwa dadu mbili, tumia rangi mbili: 3 na 4 si sawa na 4 na 3, ndiyo maana jumla ya 7 ina njia 6 kati ya 36, na 2 ina moja tu.

4. Mfuko wa gololi.

Weka 10 ndani ya mfuko usioonyesha: nyekundu 6, bluu 3, njano 1. Usiwaambie rangi zipo ngapi. Chukua moja, andika, rudisha, tikisa. Baada ya mara 10, kila kundi likisie kilichomo mfukoni. Takriban kundi moja kati ya matatu litakuwa halijaiona njano, na litaapa hakuna rangi nyingine. Endeleeni hadi 50, wakisie tena. Jaribio hili huharibika kwa mambo matatu: gololi zisizolingana ukubwa, kwa sababu vidole vinazitambua, kusahau kurudisha, na kutotikisa, maana iliyorudishwa hubaki juu. Mmoja ashike mfuko, mwingine achukue akiwa ametazama pembeni, wa tatu aandike.

5. Mengine kwa ufupi.

Utabiri uandikwe kwa kalamu ya wino kabla ya jaribio. Tandika kitambaa ndani ya kifuniko cha boksi, kelele zitapungua. Dadu za karatasi huelemea upande wenye gundi, kwa hiyo zitumieni kwa zoezi la kuchunguza kama dadu ni ya haki, yaani haipendelei uso wowote, na kwa mirusho 60 msishangae uso mmoja ukipata 6 na mwingine 15 hata kwa dadu nzuri.

Na kila muhula wapeni angalau jaribio moja lisilo na jibu kitabuni: kifuniko cha chupa. Kitaanguka kifudifudi au chali, na hakuna sehemu ya kukokotoa kabla. Kirusheni mara 200, kisha kundi jingine lirushe kifuniko hicho hicho mara 200 bila kuonyeshwa matokeo ya kwanza. Mwalimu naye aandike makisio yake ubaoni kabla ya kuanza, na yabaki hapo hapo.