RTD na TBC Taifa ni redio moja?

SWALI: Shikamoo mhariri. Babu yangu ikikaribia saa mbili usiku lazima aseme "fungulieni RTD", mi namwambia babu hiyo ni TBC Taifa anabisha, nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mjukuu. Mwache babu, ni nyumba ileile imebadilishwa jina tu. Ilianza 1951 kama Sauti ya Dar es Salaam, 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, hiyo ndo RTD ya babu, 2002 ikaunganishwa na televisheni ya taifa wakaiita TUT, yaani Taasisi ya Utangazaji Tanzania, halafu 2007 ndo ikawa TBC. Na usimshangae, mpaka miaka ya 90 mwanzoni redio binafsi hazikuwepo Bara, kwa hiyo zile ngoma za taarifa ya habari zikilia mtaa mzima unatulia, maana ukikosa pale umekosa, mpaka matangazo ya vifo watu walikuwa wanasikia hukohuko kwamba fulani wa Songea msiba uko kwa nani na mazishi lini. Mi naona TBC wazitunze sana zile kanda za zamani, sauti zikipotea hazirudi. Muulize babu watangazaji anaowakumbuka, mrekodi na simu kabisa.