Faili la kazi ya CNC limejaa linki: nivunje ipi, niache ipi?

Swali: Mkuu, natumia Fusion (programu ya kuchora na kuandaa kazi za mashine ya CNC), nina faili moja la vaisi (jiliwa la kubana kipande) ambalo naliingiza kwenye kila kazi mpya kwa linki, yaani linabaki limeunganishwa na faili mama. Kuna kazi nilivunja linki ili niweze kusogeza taya, sasa hivi nina nakala kibao za vaisi na kila moja ina vipimo vyake. Nyingine sikuvunja, mchoraji akabadilisha pati (kipande kinachokatwa), nikabonyeza kuapdeti, nusu ya njia za kukatia zikaleta erori na ziro (pointi ya kuanzia vipimo) ikahama. Op ya pili (awamu ya pili ya kukata) ndo kabisa, pati inatakiwa igeuzwe na sijui naigeuzaje bila kuharibu ya kwanza. Nivunje linki zote au?

Jibu: Hapana usivunje zote, na usiache zote vilevile. Kwa kila komponenti jiulize hiki kitu nani ana haki ya kukibadilisha. Vaisi ni mali ya karakana, haibadiliki eti kwa sababu leo unakata pati tofauti, iache na linki yake. Pati ni ya mchoraji, wewe umbo lake halikuhusu, nayo ibaki na linki. Mataya laini unayoyachonga yafuate umbo la pati ni ya kazi hiyo tu, hayo ndo vunja linki bila huruma, maana ukiyachonga kwenye faili mama kila kazi itakayochukua toleo jipya itapata mataya yenye shimo la pati ya mtu mwingine. Na kumbuka "Break Link" haina kurudi nyuma, ukishasevu na kufunga ndo imetoka hiyo, komponenti inakuwa ya hapohapo na ukitaka linki tena inabidi uingize upya na kufunga jointi (kiungo kati ya komponenti) upya.

Sasa hilo la taya. Ulivunja linki kwa sababu taya lilikuwa ndani ya faili la vaisi, si ndiyo? Basi ligawe. Bodi ya vaisi pamoja na taya lililosimama liwe faili moja, taya linalotembea liwe faili lake, halafu kwenye faili la kazi unaingiza yote mawili kama linki na jointi ya kuteleza unaifunga hapo kwenye faili la kazi. Mwendo wa taya unakuwa wa kazi hiyo, umbo linabaki la faili mama. Weka na limiti kwenye jointi, vaisi yako ikifunguka mwisho mm 200 basi andika 200, maana bila limiti kompyuta itakufungulia taya mpaka nje ya meza ya mashine na wala haitakwambia kitu. (Wa SolidWorks, programu nyingine ya kuchora, wao wana njia nyepesi kidogo, asembli ndogo kwa kawaida inaingia ikiwa imeganda, unaiambia iwe "Flexible" na taya linatembea huku linki ipo.) Ukiwa na vaisi mbili mezani usiingize mara ya pili, kopi tu, ila angalia unabandika na nini: "Paste" inakupa kitu kilekile mara mbili, "Paste New" inakupa kitu kipya kinachojitegemea, na hapo ndo nakala kibao zinapozaliwa watu wakishangaa zimetoka wapi.

Ziro kuhama ndo jambo la kuogopa zaidi kuliko hizo erori, kwa sababu erori unaiona lakini ziro iliyohama unaiona endimili (kikatio cha mashine) ikishaingia pabaya. Nadhani kwenye setapu (mpangilio wa kazi ndani ya programu) uliweka ziro katikati ya boksi la modeli, yaani boksi linaloizunguka pati. Chukua pati yenye upana wa mm 80, imeegemea taya lililosimama, ziro iko katikati yaani mm 40 kutoka kwenye taya. Mchoraji akaongeza ikawa 84, ukaapdeti, ziro ya kompyuta sasa iko mm 42 kutoka kwenye taya, ila G54 (ziro ya mashine yenyewe) uliyoiweka mashineni bado iko pale pale kwenye 40. Kila kitu kitakatwa mm 2 pembeni na simulesheni itakuonyesha mambo safi kabisa, maana yenyewe haijui mashineni uliweka nini. Kwa hiyo ziro ifunge kwenye kitu kisichobadilika, kona ya taya lililosimama au pointi uliyoichora kwenye bodi ya vaisi, pati ikue isikue ziro haitikisiki. Hapo pia hata mtu wa mashine anagusa sehemu ileile kila kazi.

Erori zenyewe zinatokana na kuchagua kingo za pati kwa mkono. Mchoraji akibadilisha namba tu kwenye vipimo, kingo mara nyingi zinabaki na utambulisho wao na njia ya kukatia inajirekebisha, ila akifuta na kuchora upya, au akaleta STEP mpya (faili la umbo kutoka programu nyingine), kwa softiwea hizo ni kingo nyingine kabisa hata kama kwa macho zinafanana. Mwambie abadilishe vipimo, asichore upya, hiyo peke yake itakupunguzia nusu ya kazi. Upande wako, mashimo yachague kwa kipenyo badala ya kubonyeza shimo mojamoja, na mipaka ya kukata ichore kwenye skechi yako ndani ya faili la kazi. Skechi hiyo isichukue mistari kutoka kwenye pati, la sivyo umerudi kulekule, ingawa gharama yake ni kwamba pati ikibadilika skechi haifuati, utaipanua mwenyewe. Mimi gharama hiyo naikubali.

Halafu kuapdeti si lazima kila ukiona ile alama ya njano. Faili la kazi linashikilia toleo ulilolichukua mpaka ubonyeze "Get Latest", na hiyo ni faida kwako, mzigo ukiwa katikati mashineni usiguse. Ukishaapdeti, zalisha njia zote upya na upitishe simulesheni ya migongano kabla ya kutoa kodi ya mashine (G-code). Na ile "Protect" ya kufunga operesheni itumie kwa akili, inazuia isizalishwe upya, kwa hiyo pati inaweza ikabadilika na operesheni ikaendelea kukata umbo la zamani kimyakimya.

Op ya pili: usigeuze pati uliyonayo. Tengeneza "Manufacturing Model" mbili, moja ya kila op, ziko kwenye upande wa utengenezaji na zinafuata modeli ila unachofanya humo hakirudi kwa mchoraji, kwa hiyo ya pili unageuza, unasogeza, unaziba hata shimo ukitaka, ya kwanza haina habari. Stoki (malighafi inayokatwa) ya setapu ya pili ichukue kutoka setapu iliyotangulia ili ijue kipi kimeshaondolewa. Na kwenye setapu zote mbili chagua pati kama modeli na vaisi kama fikscha (kishikio kisichokatwa), usiache wazi, maana ukiacha softiwea inahesabu kila bodi inayoonekana kuwa ni kitu cha kukatwa na utaona adaptivu (njia ya kuondoa nyama nyingi haraka) inazunguka vaisi kwa bidii kweli.

Hizo nakala za vaisi ulizonazo sasa, za kazi zilizokwisha ziache zilivyo, kazi ikirudi ndo unaingiza vaisi yenye linki. Na ukimtumia mtu faili lenye linki toa F3Z, ndo inayobeba na mafaili mengine yaliyounganishwa. Kwa SolidWorks ni "Pack and Go".